Kukuza wasimamizi kutoka kwa vibarua: uzoefu wangu wa uwanja wa dagaa Kigoma

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Umesema umekabidhiwa watu kwenye ghala hapo Kigoma mjini, bosi yuko Dar, kila wiki anapiga simu anataka "uandae viongozi", na kila unayemfundisha akishaiva anaondoka. Wachangiaji wa juu wamekushauri semina, vyeti vya mfanyakazi bora na nyama choma mwisho wa mwezi. Mimi nasimamia uwanja wa kuanika na kufungasha dagaa kule Kibirizi, na niliingia pale kama kibarua wa kubeba ndoo. Nijibu kwa ninayoyajua.

Nyama choma watakula, hakuna atakayekataa. Ila mtu ambaye mshahara wake unafika tarehe kumi na mbili, na mwenye nyumba ameshagonga mlango mara tatu, hawezi kukuelewa unapomwambia kwamba hapa watu ndio wa kwanza. Anza na haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, nayo inalipwa mara moja na nusu. Mimi hayo nimeyabandika ukutani pale penye mizani. Jirani yangu mmoja alinicheka, akasema nawafundisha watu kunidai. Kweli wanadai. Lakini mtu anayejua kudai chake kwa utaratibu ndiye huyo huyo nitakayemtuma akabishane na dereva wa lori kuhusu kiroba kilichopungua.

Sasa hiyo ya kuandaa viongozi. Cheo kije mwisho kabisa. Kwanza mpe mtu uamuzi wenye hela ndani yake.

Kazi yetu iko hivi: boti zinaingia alfajiri, bei inapigwa pale pale mwaloni, yaani ufukweni boti zinaposhusha samaki, na una dakika chache tu za kusema ndiyo au hapana. Ukishanunua lazima jua lijitokeze, la sivyo dagaa wanaharibika kichanjani na bei inaanguka. Uamuzi huo ulikuwa wa msimamizi peke yake. Nikampa binti mmoja aliyekuwa upande wa kuchambua.

Sikumchagua kwa elimu, aliishia darasa la saba. Nilikuwa namtazama anavyokagua mzigo. Anachota konzi moja, anamkunja dagaa kwa kidole gumba: akivunjika anaingia kwenye kiroba cha Dar, akijipinda anarudi juani, hata kama lori limeshawasha injini na dereva anapiga honi. Halafu anamgeukia mwenzake wa pembeni anamwonyesha, bila kutumwa na mtu. Huyo ndiye wa kumtafuta. Yule anayebeba ndoo nyingi kuliko wote mlipe vizuri na umheshimu, lakini usimpe usimamizi kwa sababu ya mabega. Nimeona viwanja vikiyumba kwa hilo: wanampoteza mbebaji hodari, wanapata msimamizi anayefoka.

Mwanzoni alinunua nikiwa pembeni yake, kimya. Akimaliza namuuliza, umeangalia nini? Basi. Baadaye nikamwekea kikomo cha fedha, na ndani ya kikomo hicho hanipigii simu. Asubuhi moja mawingu yalitanda upande wa Kongo, akakataa kununua. Jirani zetu wakazoa mzigo wote. Ilipofika saa nne jua likawaka mpaka mchanga haukanyagiki, na wenzetu wakaanika huku wanapiga miluzi. Mwenye uwanja akapiga simu: nani amekataa mzigo? Nikamjibu kwamba uwanja ndio uliokataa, na msimamizi wake ni mimi. Jina la binti sikulitaja.

Tukakaa juu ya viroba akanieleza. Mbali na mawingu, dagaa wenyewe walikuwa wamechelewa kufika, matumbo yameanza kupasuka, wasingevumilia hata nusu siku ya kivuli. Hoja yake ilikuwa nzima, hewa ndiyo iliyomgeuka. Kesho yake alfajiri nikamkabidhi fedha zile zile, kikomo kile kile. Ningemnyang'anya siku ile, kuanzia hapo angekuwa anapiga simu kuuliza hadi rangi ya kamba ya kufungia. Na usidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akisubiri kuona nitafanya nini. Uwanja mzima ulikuwa unachungulia.

Kuna Mmarekani, Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi AT&T, kampuni ya simu. Mwaka 1970 alieleza wazo la kiongozi mtumishi, na kipimo chake ndicho ninachokipenda: hawa unaowaongoza wanakua? Wanazidi kuwa na busara na kujitegemea, au wanazidi kukutegemea wewe? Kwangu mimi nakipima kwa simu. Nikisafiri kwenda Kasulu na simu inaita mfululizo, basi sijakuza mtu.

Kumjali mtu pia ni kujua maisha yake ya nje ya geti. Binti huyu ana mtoto mdogo, na mwalo hausubiri kuche. Angekataa nafasi ile, na watu wangesema wanawake hawapendi majukumu. Tulichofanya: uwanja unalipia bodaboda mmoja anayefahamika, na mnada ukiisha anarudi nyumbani kumpeleka mtoto shule ndipo aje kukagua vichanja. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mzigo mmoja ulionunuliwa ovyo.

Muda wa kufundisha unapatikana, tatizo watu wanautafuta wakati wa mzigo. Sisi tunafuata mwezi. Mbalamwezi ikikaa, uvuvi wa taa unapoa kwa sababu dagaa hawaifuati taa, na uwanja unakuwa mtupu. Siku hizo ndizo tunafungua daftari la mapato na matumizi mbele ya wote. Mwanzoni mwenye uwanja aliogopa wataiona faida. Wakaiona, wakaona na kodi, mafuta ya jenereta na viroba vilivyolowa mvua, na maswali yao yakawa ya maana kuliko ya wageni wanaotutembelea na kompyuta mpakato.

Mtihani mkubwa ulikuwa 2024, nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilipokubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Viwanja vingi viliwaambia watu wakapumzike, wataitwa. Sisi tuliwaita kabla, tukawaonyesha akiba iliyopo, tukawauliza tufanye nini. Walipanga wao: wengine wakakarabati vichanja, wengine wakahamia kwenye biashara ya mawese kwa mtaji mdogo wa uwanja, na huyo binti ndiye aliyeshika orodha ya zamu. Ziwa lilipofunguliwa tuliwasha na watu walewale, wakati jirani zetu walikuwa wanasaka wachambuaji wapya wasiojua dagaa mkavu na mbichi.

Kuhusu wanaoondoka: wataondoka, mkuu. Kijana wangu wa mizani sasa ana meza yake sokoni Mwanga, ananunua mzigo kwetu na habishani na vipimo kwa sababu anavijua. Mwingine alikwenda kwa mshindani, hatusalimiani sana, ndiyo biashara. Wa kuogopa ni yule usiyemfundisha akabaki.

Kwa hali yako, usianze na ratiba ya mafunzo. Mpigie bosi wa Dar umwombe kiasi ambacho mtu wako mmoja ataruhusiwa kukiamulia bila kukuuliza wewe wala yeye, na akubali kabisa kwamba safari nyingine kitapotea. Akigoma, hiyo "andaa viongozi" yake ni maneno ya simu tu. Akikubali, rudi hapa useme ni kiasi gani na ghala lenu lina bidhaa gani, nikuambie ningeanza na mtu wa kitengo kipi.