Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa mawe tumeupiga simenti, unyevu umepanda juu zaidi

SWALI: Habari za kazi. Tunakaa kwenye nyumba ya mawe ya zamani sana, kuta zake ni nene kama nusu mita hivi. Kila mwaka rangi ya chini inavimba, inabanduka, na ukutani kunatoka unga mweupe. Fundi alibandua lipu yote ya chini akapiga simenti yenye dawa ya kuzuia maji, tukaona tumepona, kumbe sasa unyevu umetokea juu ya pale simenti ilipoishia, unakaribia dirisha. Fundi mwingine kaja na kimashine cha kupima, kimewaka nyekundu kila mahali, anasema tutoboe matundu tuchome dawa ukutani. Tukubali?

JIBU: Pole sana dada. Huyo wa dawa mwambie asubiri kwanza.

Kuta hizi zilijengwa kwa mawe na chokaa, katikati mara nyingi wamejaza vimawe na chokaa tu, na chini kwenye msingi hamna nailoni wala kitu chochote cha kuzuia maji ya ardhini. Zimedumu sababu maji yakiingia kidogo yanatoka kidogo, chokaa inayaachia yanakauka na hewa. Sasa ukipiga simenti, maji yanaendelea kuingia vilevile ila njia ya kutokea umeiziba, basi yanapanda mpaka pale simenti inapokoma yanatokea hapo. Ndo hicho unachokiona karibu na dirisha.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote tafuta maji yanatoka wapi. Subiri mvua kubwa, chukua mwavuli, toka nje uzunguke nyumba. Angalia gata kama linafurika au limeziba majani, angalia bomba la kushusha maji ya paa linamwaga wapi, maana mengi yanamwaga palepale kwenye msingi, alafu watu wanasema ardhi ina maji! Angalia pia usawa wa ardhi ya nje. Nyumba ikikaa miaka mingi watu wanajaza udongo, wanatengeneza bustani, wanamwaga zege mpaka linagusa ukuta, mwisho nje kunakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 mpaka 20 hivi. Mimi ningeanzia hapo, nyumba nyingi ugonjwa uko hapo na dawa yake ni jembe.

Alafu rudi ndani usome doa lenyewe. Unyevu wa ardhini unakaa chini, kwa kawaida hauvuki sana mita 1, na juu yake unaona mstari wa chumvi. Doa lililo juu, lisilo na umbo, linaloongezeka mvua ikinyesha, hilo ni la paa au gata au ufa. Weusi wa ukungu kwenye kona na nyuma ya kabati mara nyingi ni mvuke wa humo humo ndani. Ukiwa na wasiwasi chukua kipande cha foili cha sentimita 30 hivi, kibandike ukutani uzibe pande zote kwa selotepu, kiache siku 2. Kikilowa upande wa chumbani ni mvuke, kikilowa upande wa ukutani maji yanatoka ukutani.

Kile kimashine usikiogope. Vile vya pini mbili vinapima umeme unavyopita na kipimo chake kimewekwa kwa ajili ya mbao, na chumvi ikiwa na unyevu kidogo tu inapitisha umeme vizuri, kwa hiyo ukuta wenye chumvi unaweza kuwasha nyekundu hata kama maji yenyewe ni kidogo. Na mtu anayepima huku anauza dawa, hata wewe mwenyewe unaelewa. Dawa ya kuchoma inahitaji isambae ukuta mzima bila kuacha nafasi, na ukuta uliojazwa vimawe katikati una mapengo kibao, dawa inaingia kwenye mapengo inaishia humo.

Ule unga mweupe ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka. Usiuoshe! Ukiuosha unairudisha ndani, ifagie kavu kwa brashi uikusanye ukaitupe mbali. Kuna chumvi nyingine zinavuta maji hewani zenyewe, kwa hiyo siku yenye unyevunyevu ukuta unalowa hata kama hamna kinachovuja.

Ukishamaliza ya nje, bandua ile simenti kwa patasi na nyundo, taratibu, na ukiona inang'oka na uso wa jiwe simama kwanza. Kisha uache ukuta ukauke, na hapa ndo watu wanashindwa: kwa makadirio ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, wa kwako unaweza kuchukua mwaka na nusu au zaidi. Mnaweza kukaa humo humo, fungueni madirisha tu. Baada ya hapo piga lipu ya chokaa, chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga usafishwe na usiwe wa baharini, tabaka jembamba la kama sentimita 1, uilowanishe lowanishe isikauke ghafla. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho vibaya. Juu yake paka chokaa, rangi ya mafuta hapana.

SWALI: Je, si tungefunika tu kwa jipsamu bodi au vigae?

JIBU: Mtaficha doa, ukuta utaendelea kulowa nyuma yake na mbao za kushikilia bodi zitaoza msione.

SWALI: Mimi fundi wangu anakubali chokaa ila anataka achanganye na simenti kidogo ili ishike haraka, anasema chokaa tupu inamchelewesha.

JIBU: Ni kweli inachelewa kaka, maana inakuwa ngumu kwa kuvuta kaboni dayoksaidi hewani, siyo kwa siku moja. Ila hiyo simenti mkatalie. Inaleta chumvi zake na inapunguza kupumua kwa lipu, na ikiwa kidogo kidogo hivyo saa ingine lipu inakuwa dhaifu kuliko chokaa tupu. Kama haraka ni lazima atumie ile chokaa inayoshika hata kwenye maji, au asage tofali la kuchoma liwe unga laini achanganye humo, Warumi walikuwa wanafanya hivyo. Ajaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya mlango, akione kimeshika ndo aendelee na ukuta mzima.