Usizifute Zile Nukta

Juzi mdogo wangu mmoja wa Arusha kanitumia ujumbe: "Dada, bakteria wangu wanakua, wanagoma, halafu wanakua tena. Nirudie yote?" Nikacheka, kisha moyo ukaniuma.

Nilipokuwa nafanya mradi wangu Moshi, niliotesha bakteria wa E. coli kwenye mchuzi wenye sukari mbili, glukosi kidogo na laktosi. Kila dakika 15 nachota, naweka kwenye mashine, naandika jinsi mchuzi ulivyofanya ukungu kadiri bakteria walivyoongezeka. Namba zikapanda vizuri, kisha zikaganda: 0.41, 0.41, 0.42. Siku hiyo umeme ulishakatika mara mbili, nikajua mashine imeharibika. Baadaye zikapanda tena. Basi nikazifuta zile nukta, nikavuta mstari ukanyooka kama rula. Mhadhiri akaitazama grafu, akaniuliza mbele ya wenzangu: "Njaa yao umeificha wapi?" Kimya kile bado nakisikia.

Iko hivi. Bakteria hawa hula glukosi kwanza. Glukosi ikiwapo, mlango wa kuingizia laktosi hubanwa. Ikiisha, cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka taarifa, hupanda ndani ya seli, hushikana na protini ya CRP, na jeni za kutumia laktosi huwashwa. Kutengeneza vimeng'enya vipya si kazi ya kufumba na kufumbua, ndiyo maana ukuaji husimama. Mwanabiolojia Jacques Monod aliuona mgando huo Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Tuzo ya Nobel akaja kuipata 1965, pamoja na wanasayansi wenzake Jacob na Lwoff.

Iko na njaa ya aina nyingine. Zikikosekana amino asidi, yaani matofali ya protini, tRNA inayozibeba huingia kwenye ribosomu, kiwanda cha protini, mikono mitupu. Protini ya RelA huligundua hilo, hutengeneza ppGpp, molekuli ya kutangaza njaa, na seli huacha kujenga ribosomu mpya. Watafiti Cashel na Gallant waliikuta molekuli hiyo 1969, madoa mawili wasiyoyatarajia kwenye filamu. Wao hawakuyafuta. Mimi nilifuta!

Kwa hiyo, wadogo zangu, andikeni kila namba. Andikeni na saa umeme ulipokatika. Tunapenda mno grafu za kupendeza, tunaona aibu kuonyesha palipokwama. Acheni. Wiki iliyopita nimetetea tasnifu yangu, na swali refu kuliko yote lilihusu mgando uleule. Safari hii niliuacha, na nililijibu nimesimama wima.

Na wewe wa Arusha, usirudie yote. Rudia kipande kile tu, pima kila dakika 5, na kila unapochota pima na glukosi iliyobaki. Halafu nitumie grafu kama ilivyo.