Nyama ya sadaka haikuteketezwa yote

Ndugu, umeuliza kwa nini Waisraeli wa kale walichoma nyama yote ikaishia majivu. Haikuwa hivyo. Iliyoteketea nzima madhabahuni ni sadaka ya kuteketezwa, na hata hapo ngozi ilibaki kwa kuhani (kitabu cha Walawi katika Biblia, 7:8).

Sadaka ya amani ilikuwa karamu hasa. Mafuta na figo viliteketezwa madhabahuni, kidari na paja la kulia vikaenda kwa makuhani, na nyama iliyobaki aliila mwenye mnyama pamoja na jamaa zake. Ile ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile, isilale hadi asubuhi. Hebu fikiria ng'ombe mzima aishe kwa siku moja: lazima uite watu! Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wake, ingawa Walawi hakisemi hivyo waziwazi. Ya nadhiri iliruhusiwa kufika siku ya pili; ikibaki hadi ya tatu, inachomwa.

Kinachonigusa zaidi ni sura ya 5, kuhusu sadaka ya dhambi. Asiyeweza kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Aliyeshindwa hata hao alileta unga sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha kale, yaani kama lita 2 hivi, bila mafuta wala ubani, naye akasamehewa sawa na tajiri. Kwa hiyo anayesema torati ilidai damu kila mara, asome aya ya 11 hadi 13.