Kabla Hamjanunua Sola ya Ukumbi wa Kijiji, Ichunguzeni LUKU

Kwenye vikao vya ukumbi wetu huku Muheza, hoja ya umeme ikifika tu, lazima mtu anyanyuke aseme dawa ni sola. Mimi ni mweka hazina wa kamati, ndiye ninayetumwa kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na nasema sola ije mwisho. Kwanza jueni umeme mnaonunua unaishia wapi.

Ukumbi kama wetu uko kwenye kundi la bei la T1, la matumizi ya kawaida. Uniti moja, ukijumlisha VAT na tozo, inafika kama shilingi 356. Mwenye nyumba aliye kwenye D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo, analipa kama 122, ndiyo maana wajumbe hawaishi kuuliza, "Mbona kwangu elfu tano inanifikisha mwisho wa mwezi?"

Anzeni na jaribio lisilo na gharama. Usiku, watu wakishaondoka, zimeni kila kitu kisha msogelee mita. Kile kitaa chekundu kinachopepesa ndicho kinachohesabu umeme. Kikiendelea kupepesa na ukumbi uko giza, kuna kitu kinakula. Kwetu ilikuwa amplifaya iliyofungiwa stoo ikiwa bado imechomekwa, na friji ya soda iliyokuwa ikiunguruma wiki nzima kusubiri harusi ya Jumamosi. Tulibana noti kwenye mlango wa friji ile, tukaivuta, ikatoka bila kushikwa kabisa. Raba ilishakufa. Kubadilisha raba ni kazi ya fundi wa hapo hapo mtaani. Siku zisizo na shughuli sasa friji inachomolewa, mlango unaachwa wazi kidogo isije ikanuka.

Kwenye taa sitakawia. Tyubu ya zamani ya futi 4 ni wati 36, bado hujahesabu choki inayoiwasha. Ya LED ni 18. Ila swichi ndizo za kuangaliwa zaidi. Kwetu swichi moja ilikuwa inawasha taa zote, kwa hiyo akina mama wachache wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, wakikaa pembeni kuhesabu hisa, ukumbi mzima unawaka. Mwambieni fundi agawe taa kwa safu.

Hela hasa inapotea kwenye joto. Bati likipigwa na jua la saa saba linakuwa kikaango, na panga boi linazungusha joto lile lile tu. Panga boi sita za wati 75 zikizunguka saa 8 zinakula uniti 3.6, karibu shilingi 1,300, na watu bado wanajipepea na kadi za mwaliko. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya maana iende juu: silingi bodi, pamoja na matundu ya hewa kwenye kuta mbili za mwisho, kati ya silingi na bati, ili joto lipate pa kutokea. Kama silingi ni mzigo, pakeni bati rangi nyeupe baada ya kukwangua kutu. Mwarobaini upande wa magharibi nao mpande leo, kwa sababu kivuli chake kitachukua miaka.

Kuna jambo moja halikuhitaji fundi hata kidogo. Zamani tulikodisha ukumbi kwa bei moja, umeme ukiwa humo humo. Sasa tunasoma mita mbele ya mwenye shughuli kabla ya kumkabidhi ufunguo, tunasoma tena akirudisha, na uniti alizotumia analipa mwenyewe. Tangu hapo utamwona mjomba wa bibi harusi anazunguka kuzima panga boi zisizo na mtu chini yake, na MC anaulizwa zile taa za rangi ni za nini mchana kweupe.

Baada ya hayo ndipo tukamwita tena fundi wa sola. Shughuli zetu nyingi ni usiku wa mwisho wa wiki, kwa hiyo gharama kubwa ni betri, siyo paneli. Alipohesabu upya mzigo, betri zikashuka kutoka nne hadi mbili. Kamati bado inabishana: tununue hizo mbili, au tumalizie choo kwanza? Mimi niko upande wa choo.