Tumbo moja au baba mmoja? Maswali yenu kuhusu wazee wetu

Maswali yamefurika tangu mfungo uishe, na mengi yanafanana: watu wanawatafuta wazee wao. Nimechagua saba. Majina ya walioandika nimeyaacha, na mahali penye aibu ya mtu nimepunguza maneno.

Mwalimu, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana, tumebaki na jina la babu tu. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Nianzie wapi? (Muheza)

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Anza na mwanamke mzee kuliko wote aliye hai katika ukoo, hata kama aliingia kwa ndoa. Wanaume wetu wanajua nasaba kwa mstari mmoja, fulani bin fulani bin fulani, na wakifika wa nne wanaanza kukohoa. Bibi anajua nani alimnyonyesha nani, nani aliachwa akarudiwa, na mtoto gani alizikwa kabla hajapewa jina. Nenda baada ya alasiri, peke yako, na sukari kilo moja na majani ya chai. Ukimkuta anasuka ukili, kaa chini umchanie miyaa. Daftari libaki mfukoni siku ya kwanza.

Majibu yakigongana, usidhani kuna mwongo. Lugha yetu ina ukarimu: baba ni baba, baba mdogo ni baba, kaka yake babu naye ni babu. Ukiambiwa "huyo ni ndugu yake", usiandike bado. Uliza: tumbo moja? Baba mmoja, mama mbalimbali? Au ndugu wa kunyonya? Mimi nilimhesabu mtu kuwa kaka yake bibi kwa mwaka mzima, kumbe mama yake aliugua uzazini, mama yake bibi akamnyonyesha pamoja na bintiye. Na kama kwenu kuna Udigo, uliza pia upande wa mama, maana kwa Wadigo wa zamani mtu alihesabiwa fuko, yaani ukoo, la mamaye, na mali ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa.

Usimuulize bibi mwaka. Muulize mahari ya mama yake ililipwa kwa fedha gani. Akisema rupia, ndoa hiyo huenda ilifungwa kabla ya shilingi kuingia mwaka 1921, au muda mfupi baadaye. Muulize treni ilikuwa inaishia wapi. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893 na ilifika Mombo 1905. Muulize kama mama yake alisimuliwa siku ya nyuki, pale Waingereza na askari wao wa Kihindi waliposhuka pwani yetu Novemba 1914, mizinga ya nyuki ikavurugwa na risasi. Ukipata mambo mawili ya namna hiyo kwa mtu mmoja, umri wake umeanza kuonekana.

Ndani ya msahafu wa marehemu bibi tumekuta karatasi mbili za herufi za Kiarabu. Kijana wetu aliyesoma Kiarabu ameshindwa kuzielewa. Wengine wanasema ni hirizi, tuzichome. (Pangani)

Nakuombeni, msichome kitu. Kijana ameshindwa kwa sababu huenda si Kiarabu, ni Kiswahili. Ndivyo wazee wa pwani walivyoandikiana kwa mamia ya miaka: barua, hati za mashamba, madeni, tenzi. Kiarabu hakina herufi ya p wala ya g kama yetu, kwa hiyo waandishi wengi walitumia herufi be moja kwa b, p na mb, na ghaini moja kwa g na ng. Tanga inasomeka "Tagha". Pemba inasomeka "Beba". Anayesoma kwa macho atakwama. Fanyeni hivi: mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye umri asome kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, na mzee mwingine asiyesoma akae pembeni asikilize. Mara nyingi ni huyo msikilizaji anayeruka na kusema, "Aa, anasema minazi kumi na miwili!"

Tazameni tarehe kwanza. Wazee walihesabu miezi kuanzia kufungua, yaani Mfunguo Mosi ndiyo Shawwali, na Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Mkikuta "Mfunguo Sita 1320", hiyo ni Juni au mwanzo wa Julai 1902. Kisha tazameni chini kabisa, kwenye mashahidi. Hati ya shamba hutaja muuzaji na mnunuzi tu, lakini mashahidi ni majirani, mashemeji, watu waliokuwa wamekaa barazani siku ile. Huo ndio mtaa wenu wa zamani, kwa majina.

Zipigeni picha karibu na dirisha mchana, bila taa ya simu. Msibandike selotepu. Bahasha nyeupe kavu, mbali na moshi wa jikoni na mchwa. Na kama ni hati ya shamba ambalo leo linakaliwa na wengine, someni kwanza wenyewe kwa utulivu kabla habari haijatoka nje ya nyumba.

Nitapata cheti cha kuzaliwa cha babu, aliyezaliwa karibu na 1918? (Lushoto)

Usitarajie sana. Usajili wa vizazi ulianza wakati wa Mwingereza, lakini kwa Waafrika haukuwa lazima kwa miaka mingi. Kama ukoo wenu ni wa Kikristo, nenda kanisani. Walutheri walifika Mlalo 1891, na Waanglikana walikuwa Magila tangu karne ya 19, nao waliandika daftari za ubatizo. Nakili jina kama lilivyoandikwa, hata likiwa limekosewa, pamoja na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Na kama babu au baba yake alikuwa jumbe, akida au karani, au aliwahi kuwa na kesi, jaribu Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Majalada ya Mjerumani na ya Mwingereza yapo pale.

Babu yangu alikuja kama manamba, akafia kwenye mkonge. Hapa anajulikana kwa jina la Juma tu. Hakuwahi kurudi kwao na hatujui kwao ni wapi. (Korogwe)

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nusu ya watu ninaowajua mkoani huu wana babu wa namna hii, na wengi wanaona haya kumtaja, kana kwamba alikosa kwao. Alikuwa na kwao. Alikuwa na mama aliyemngoja.

Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ilifika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yaliyotokana nayo yalihitaji watu kuliko waliokuwepo hapa. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliyokusanya vijana Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko na kuwaleta kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana ya manamba, na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi haikuandikwa.

Jina Juma huenda lilianza kwenye daftari la karani, au siku aliposilimu. Kwa hiyo usilitafute jina. Tafuta mambo yasiyobadilishwa na karani. Je, alikuwa na chale za kabila usoni au kifuani? Za namna gani, na upande gani? Alihesabuje alipokuwa peke yake? Alimtukana nani kwa lugha gani alipojikata? Aliimba nini kumbembeleza baba yako? Neno moja la kubembeleza mtoto linaweza kukupeleka kwa Waha, Wabena au Wamakonde kabla hujapanda basi. Uliza pia alikaa kambi gani, kwa sababu watu wa kwao walipenda kukaa pamoja, na watoto wa wenzake wa kambi bado wapo. Uliza waliokuwa naye korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata mkonge, na akina mama walioanika singa, zile nyuzi zake. Na uliza watani wake walikuwa kina nani. Mtu anaweza kuficha kabila lake kwa bosi, kwa mtani hawezi.

Babu alikuwa akituambia sisi ni Washirazi, tulitoka Uajemi. Shuleni mwanangu ameambiwa ni hadithi tu. Kweli ni ipi? (Tongoni)

Mwanao na babu yako wote wana kitu mkononi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwa waliozikwa katika miji hiyo, asili ya upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa akina baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, damu zikianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Waarabu waliongezeka baadaye. Tanga haikuwamo katika utafiti ule, kwa hiyo hausemi lolote kuhusu babu yako mwenyewe. Lakini niliposoma nilifikiri: babu zetu walitutajia wanaume waliokuja na majahazi, hawakututajia wanawake waliokuwa wamesimama ufukweni. Ukipita kwenye yale makaburi ya nguzo jirani yako, mwambie mwanao na hilo.

Nimegundua mama yake babu alikuwa mjakazi, akawa suria wa bwana wake. Wajomba wameniambia nisimwandike. Nifanyeje? (Mjini Tanga)

Mwandike. Hapa sina njia ya katikati, ndugu yangu.

Biashara ya watumwa ilipita katika bandari hizi zetu, na aliyeuzwa hakutenda kosa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria na bwana alizaliwa huru, na alirithi sawa na ndugu zake. Ndiyo maana ukoo wenu una jina la baba na mashamba ya baba, na yeye amebaki "yule mama". Utumwa haukwisha siku moja. Mjerumani aliagiza 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru, na wengine walipewa au walijinunulia hati za uhuru. Utumwa wenyewe ulikatazwa na sheria ya Mwingereza mwaka 1922. Tazama kama kuna hati ya namna hiyo kwenye kasha la nyumba.

Ukikuta anaitwa binti Abdallah, usikimbilie kumtafuta Abdallah. Wengi waliosilimu bila baba Mwislamu walipewa jina hilo, mja wa Mungu. Uliza kama kuna aliyesikia jina lake la kwanza, la utotoni. Katika familia moja ninayoijua, jina hilo lilibaki kwenye kite cha uzazi: bibi akishikwa na uchungu alimwita mama yake kwa neno ambalo hapa Tanga hakuna aliyelijua, na binti zake wakalishika.

Kwa wajomba, nenda na adabu. Usilisome jina lake harusini wala mbele ya wakwe. Waambie unataka kumsomea hitima kwa jina lake. Sijaona mzee wa pwani anayekataa hitima.

Babu yetu mdogo alikuwa mcheza kamari, akatoroka na mke wa mtu kwa jahazi mpaka Pemba. Sisi vijana tunampenda sana kwa visa vyake. Shangazi zetu hawataki hata atajwe. (Makorora)

Kila ukoo una wake. Wetu alikuwa babu mdogo aliyecheza beni, ngoma ya kuiga gwaride la kijeshi, upande wa Marini, enzi za mashindano ya vikundi vya Marini na Arinoti. Alikuwa na cheo chake, Admirali, na gwanda la vifungo vya shaba, naye alipita Ngamiani kwa mwendo wa gwaride akiwa hana hata senti ya kahawa. Kisa tulichokipenda watoto ni cha mabati. Mama yake alimpa fedha za kuezeka nyumba, akamtuma Mombasa. Alirudi baada ya miezi minne na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri tatu. Tulikicheka kisa hicho mpaka machozi.

Nilipoanza kukiandika ndipo nilipomwendea shangazi, naye akakataa kunijibu. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu aliniambia kwamba mama yao alilala misimu miwili ya masika chini ya makuti yanayovuja, na kifua kikamwanza hapo. Kisa kilikuwa kilekile, ila sasa kilikuwa na watu wawili ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya Pemba, nendeni kwa waliobaki ufukweni. Yule mume alikuwa na watoto? Wapo wapi? Babu yenu aliacha mke? Alikula nini mwaka ule? Waulizeni hao kwanza, na wakisema "bado", ngojeni. Msiandike kisa ambacho mmesikia kwa mtu mmoja tu. Nendeni pia kwa watani wake, wale waliomwiga msibani kwake, waliotembea kama yeye na kudai madeni yake mbele ya jeneza. Walimtazama kwa makini kuliko ndugu. Halafu andikeni yote mawili, jahazi na jiko lililozimika, katika ukurasa mmoja.

Yangu nilipoimaliza nilimsomea shangazi, Barabara ya Tisa, yeye amelala kitandani ameelekea ukutani. Nilisoma gwanda, nikasoma mabati, nikasoma masika mawili na kile kifua. Hakusema neno. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba siku za beni alivaa kofia nyeusi, aligeuka.

"Haikuwa nyeusi," alisema. "Ilikuwa nyeupe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiifua."