Nina miaka 33 na kazi ya kudumu. Niende kusoma uzamili?

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Mimi ni mhandisi katika kituo cha kupoza umeme mkoani Morogoro. Nilianza na diploma, nikarudi chuo, shahada ya kwanza nikaimaliza miaka mitano iliyopita. Mwaka jana tulifungiwa relei mpya za kidijitali, vile visanduku vinavyokata umeme vikiona hitilafu. Mara tatu, tulipowasha transfoma kubwa, relei ya difarenshali ilikata papo hapo, na transfoma tukiipima tunaikuta nzima. Fundi wa mkandarasi alikuja na kompyuta mpakato, akabadilisha namba moja, akafunga begi lake. Nilipomuuliza amebadilisha nini akanijibu, "Hayo waachie watu wa kompyuta." Tangu siku ile nawaza kusoma uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta. Ila hesabu nimezisahau, programu sijaandika tangu chuo, na mama anasema kazi ya kudumu haiachwi. Nishauri.
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Jibu la fundi yule limeniuma kama vile nilikuwepo. Naanza na namba aliyoigusa, maana hapo ndipo ulipo uzamili unaouulizia.

Transfoma ikiwashwa, chuma chake chaweza kushiba usumaku, na kwa muda mfupi ikavuta mkondo mkubwa upande wa kuingilia tu. Relei ya difarenshali kazi yake ni kulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka. Ikiona tofauti, inahesabu kuwa kuna hitilafu ndani, inakata. Lakini mkondo wa kuwashia una alama yake: hamoniki ya pili, ambayo kwa umeme wetu wa hezi 50 ni wimbi la hezi 100. Hitilafu ya kweli kwa kawaida huwa nayo kidogo. Kwa hiyo relei ya kidijitali huchukua sampuli nyingi ndani ya kila mzunguko wa milisekunde 20, huzipitisha kwenye hesabu za Fourier, zinazotenganisha mawimbi yaliyochanganyika, kisha hupima wimbi la pili ni asilimia ngapi ya lile la msingi. Likizidi kiwango kilichowekwa, mara nyingi kama asilimia 15, relei inajizuia. Yaelekea fundi alikishusha kiwango hicho. Kikishushwa mno, siku ya hitilafu ya kweli relei inaweza kuchelewa na transfoma ikaungua, kwa hiyo una haki kamili ya kujua kimeshushwa hadi ngapi, na kwa nini. Kadai maandishi.

Sasa angalia: transfoma ni umeme, sampuli na Fourier ni somo la ishara, na kinachoamua kukata au kutokata ni programu. Vyote vimo ndani ya kisanduku unachopita mbele yake kila siku. Hao "watu wa kompyuta" aliowataja, mmoja wao ni wewe.

Na wewe si wa kwanza kuanzia kwenye relei. Pale chuo cha MIT, Marekani, kijana Claude Shannon alipewa kazi ya kuhudumia mashine ya hesabu ya Vannevar Bush, ambayo sehemu yake ya kuongozea ilikuwa na relei zaidi ya 100, zile za zamani, swichi zinazofunguka na kufunga kwa umeme. Kwa kuzishika kila siku akaona kwamba mpangilio wake unaweza kuandikwa kwa aljebra ya mwanahisabati George Boole, ile ya kweli na si kweli. Akaandika tasnifu yake ya uzamili wa uhandisi wa umeme juu ya jambo hilo mwaka 1937, akiwa na miaka 21, na usanifu wa saketi za kompyuta ukapata msingi wake. Swali lake lilitoka kwenye kazi ya mikono yake.

Langu halikutoka huko. Niliondoka Dar kwenda kusoma uzamili mwaka 2003 nikiwa na miaka 34, mtoto wa mwisho nikamwachia mama yangu Tanga. Nilikwenda kwa sababu wenzangu walikuwa wamekwenda. Msimamizi alinipa orodha ya mada, nikachagua antena za simu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na vifaa tayari. Niliporudi kwenye kazi yangu ya njia kuu za umeme, hakuna aliyeihitaji tasnifu ile, hata mimi. Mwaka na nusu mbali na mtoto, kwa swali la mtu mwingine. Bado linaniuma, ndiyo maana barua yako imenifurahisha: wewe swali unalo hata kabla ya chuo.

Kuhusu hesabu, sikufichi. Jaribio langu la kwanza la uwezekano nilipata 31 kati ya 100. Nilinunua daftari nene nikaanza upya hesabu za mwaka wa pili: matriki, namba changamano, uwezekano, Fourier. Nilikuwa nalala saa nane za usiku. Wewe anza sasa, saa moja kila jioni, usisubiri barua ya kukubaliwa.

Programu nayo utajifunza kwa kazi yako. Relei ile huhifadhi rekodi ya kila tukio, na kwa kawaida unaweza kuitoa kama faili ya COMTRADE, muundo wa kawaida wa rekodi za aina hiyo. Omba ruhusa kwa mkuu wako, chukua rekodi za mara zile tatu, zifungue kwa lugha ya programu ya Python, ulitafute wimbi la hezi 100 mwenyewe.

Mama yako msikilize, maana hakuna haja ya kuacha kazi. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, na usome vizuri masharti ya kurudi kabla hujasaini. Kwa chuo, Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi Kigali, na uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta unafundishwa hapo hapo. Ukitaka Ujerumani, tazama ufadhili uitwao EPOS wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo: wanataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, lakini shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Wewe una mitano. Hapo ndipo pa kuharakisha, si kwenye umri. Popote utakapoomba, chagua kozi yenye tasnifu, na kwenye barua ya maombi andika habari ya transfoma yako kama ulivyoniandikia mimi.

Jambo moja dogo: uzamili haukupi usajili wa mhandisi mtaalamu. Huo unaupata Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa kazi uliyoifanya, basi kitabu chako cha kumbukumbu za kazi usikiache.

Ukishalipata wimbi la hezi 100, nitumie grafu yake. Nataka kuona kama rekodi zote tatu zinafanana.