Pampu ya njiani: tazama tairi kabla ya bei

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Ninaishi Kimara na huenda kazini Kariakoo kwa baiskeli ya gia yenye tairi pana za inchi 26. Hivi karibuni nilinunua pampu ndogo ya mfukoni, kisha nikapata pancha karibu na Ubungo alfajiri, wakati mafundi wa barabarani walikuwa bado hawajafika. Tundu nililiziba vizuri, lakini nilipiga pampu mpaka mikono ikachoka, na mwishowe valvu ikachanika pale inaposhikana na tyubu. Je, ninunue pampu ya namna gani? Mdogo wangu ana baiskeli ya mashindano. Pampu moja yaweza kututosha sote wawili? Na hizi za gesi na za betri zinafaa?
Msomaji, Kimara

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu huo. Tuanze na valvu iliyochanika, kwa kuwa jambo hilo ndilo linaloonyesha pampu unayoihitaji. Pampu nyingi za mfukoni hazina mpira wa kuunganishia. Kichwa chake hubanwa moja kwa moja kwenye valvu, na kila unaposukuma mpini, pampu nzima hutikisika na kuivuta valvu huku na huku. Tyubu hudhoofika pale valvu inapoota, na ikichanika hapo hakuna kiraka kitakachoshika. Itakubidi ununue tyubu nyingine. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuchagua pampu yenye mpira mfupi unaopinda, ambao kwa kawaida hufichwa ndani ya mwili wa pampu na kuvutwa nje wakati wa kazi. Ukilazimika kutumia ile uliyonayo, kamata kichwa cha pampu pamoja na tairi kwa kiganja kimoja, ili mkono wako uyapokee matikiso badala ya valvu.

Kuhusu uchovu wa mikono, kosa si lako. Tairi ya inchi 26 yenye upana wa inchi 2 hubeba upepo wa karibu lita tatu na nusu hadi nne, na ili ifike presha ya PSI 40 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo) unapaswa kuisukumia takribani lita kumi za hewa ya kawaida, yaani ambayo bado haijabanwa. Pampu ambayo silinda yake ina kipenyo cha sentimita 2 na mwendo wa sentimita 15 husukuma mililita zisizozidi 50 kwa pigo moja, hivyo ni lazima upige zaidi ya mara mia mbili hata kama hakuna upepo unaovuja. Yenye kipenyo cha sentimita 3, kwa mwendo uleule, itaimaliza kazi kwa mapigo yanayokaribia mia moja. Kwa tairi zako, basi, tafuta silinda nene, hata kama pampu itakuwa nzito kidogo na haitaingia mfukoni; ifunge kwenye fremu, kando ya chupa ya maji.

Kwa baiskeli ya mdogo wako hesabu hugeuka. Tairi nyembamba ya mashindano hubeba upepo kidogo, lakini huhitaji presha kubwa, mara nyingi kati ya PSI 80 na 100 (soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi yenyewe, maana ndiyo yenye kauli ya mwisho). Katika PSI 100, silinda ya sentimita 3 hudai nguvu ya takribani kilo 50 kwa kila pigo, mzigo ambao mikono ya watu wengi haiuwezi kando ya barabara. Ile ya sentimita 2 hudai kama kilo 22. Mkinunua moja ya kipenyo cha katikati, itawasaidia nyote bila kumridhisha yeyote. Ushauri wangu ni kila mmoja awe na yake.

Kuna pia suala la valvu zenyewe. Baiskeli nyingi za gia hutumia valvu nene kama ya gari, aina ya Schrader, na za mashindano hutumia ile nyembamba, aina ya Presta, ambayo kinati chake cha juu hulegezwa kwanza kabla ya kujaza. Baiskeli za zamani za kubebea mizigo zina valvu ya Dunlop, na kichwa cha Presta kwa kawaida huikubali. Pampu nzuri hushika aina zote bila kuhitaji vipande vya ziada vinavyopotea.

Gesi sikushauri. Kichupa cha gramu 16 hutumika mara moja tu, na ukikosea kukibana, gesi yote huishia hewani. Isitoshe, kabonidioksidi hupenya mpira wa tyubu haraka kuliko hewa, kwa hiyo kesho yake tairi itakuwa imelegea. Pampu ya betri ni bora zaidi, kwani husimama yenyewe ikifikia presha uliyoiweka, ila huwa ya moto sana na siku uliyosahau kuichaji haina msaada wowote. Iwe nyongeza tu.

Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, epuka pampu yenye mwili wa chuma, kwa sababu hewa ya chumvi huishambulia kwa kutu; alumini hudumu zaidi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu uijaribu kwenye gurudumu la baiskeli yako hapohapo dukani. Piga mapigo ishirini au thelathini huku umesogeza sikio karibu na kichwa cha pampu, na ukisikia mvumo wa upepo unaovuja, irudishe na uombe nyingine.